Maswali na Majibu: Folda Haifunguki, na 777 Si Dawa

Barua za safari hii karibu zote zinahusu jambo moja: folda iliyosheiwa kwenye kompyuta ya Linux ambayo upande wa pili haifunguki, au inafunguka lakini haikubali kuandikwa. Walioandika "haifanyi kazi, nisaidie" na kuishia hapo nimewaweka pembeni. Ujumbe wa kosa ulio kwenye skrini yako ndio swali lenyewe. Ukiuacha huko, mimi nabaki kubashiri. Wengine walikuwa wameshapiga chmod 777, amri ya kumpa kila mtu ruhusa zote, kabla hata ya kuuliza. Hao tutafika kwao.

Swali: Fundi, natumia Linux Mint. Nikibofya folda kwa kitufe cha kulia na kuchagua kushea, naambiwa "net usershare returned error 255", na mwishoni "You do not have permission to create a usershare". Folda ni yangu, nimeitengeneza mwenyewe. Ruhusa gani tena?

Jibu: Ruhusa inayozungumziwa si ya folda yako. Mtumiaji wa kawaida akishea kwa kubofya, Samba (programu inayoshea folda za Linux kwenye mtandao) huandika faili dogo ndani ya /var/lib/samba/usershares, na humo huandika watu wa kundi la sambashare tu. Wewe bado hujaingizwa. Jiingize:

sudo usermod -aG sambashare jina_lako

Kisha toka kwenye akaunti yako uingie upya. Kufunga dirisha la terminali na kulifungua tena hakutoshi. Amri ya groups itakuonyesha kama umo.

Sasa itazame vizuri ile herufi "a". Ukiandika -G peke yake, hujiongezi kwenye kundi: unaondolewa kwenye makundi yako yote ya ziada na kubakishiwa hilo moja. La sudo, linalokupa mamlaka ya msimamizi, nalo linaondoka. Hutajua siku hiyo. Utajua siku unapotaka kusakinisha kitu na mfumo unakwambia huna mamlaka, na hapo itabidi uwashe kompyuta katika hali ya uokoaji ujirudishe ukiwa root, yaani msimamizi mkuu. Onyo hili nimelirudia mara nyingi na bado watu wanaliruka.

Jambo jingine: kama folda inamilikiwa na root au mtu mwingine, njia ya kubofya itakugomea hata ukiwa ndani ya kundi, kwa sababu Samba kwa kawaida huruhusu mtu kushea kilicho chake tu. Folda ya namna hiyo iandikwe kwenye /etc/samba/smb.conf.

Swali: Nina Ubuntu 24.04. Nimeshea folda iliyo ndani ya home yangu, nikaruhusu wageni waingie bila nenosiri, nikapiga chmod -R 777 kwenye folda hiyo. Kompyuta nyingine inaiona folda lakini ikifungua inakataliwa. Nikapiga 777 kwenye home nzima, ikakubali. Je, niiache hivyo?

Jibu: Usiiache hata usiku mmoja.

Anayetaka faili lako kupitia mtandao anapita milango kadhaa, na kila mmoja una kufuli lake: mtandao wenyewe, ukuta wa moto, Samba, kisha ruhusa za Linux za kila folda iliyo njiani, si ile ya mwisho peke yake. Kazi ya fundi ni kujua mlango upi umekataa. Wewe uling'oa kufuli la chumba cha ndani huku geti la nje likiwa limefungwa, na lilipokushinda ukang'oa yote.

Geti lenyewe ni hili. Tangu Ubuntu 21.04, folda ya home ya mtumiaji mpya hutengenezwa kwa ruhusa 0750. Zamani ilikuwa 0755, yaani mtu yeyote mwenye akaunti kwenye mashine angeweza kupita. Siku hizi hawezi, na hilo ni jambo jema. Mgeni wa Samba huingia kwa jina la nobody, ambaye hamo kwenye kundi lako, kwa hiyo anasimamishwa mlangoni pa home kabla hajaifikia folda uliyoilegeza kwa 777. Maelekezo mengi ya kushea folda yaliandikwa kabla ya badiliko hilo, ndiyo maana yanakupotosha huku yakionekana sahihi.

Amri mbili zingekwambia haya yote:

namei -l /home/wewe/Picha
sudo -u nobody ls /home/wewe/Picha

Ya kwanza inaorodhesha ruhusa za kila hatua ya njia, kuanzia mzizi. Ya pili inajaribu kuingia kama mgeni. Ikikataa hapo hapo kwenye mashine yako, achana na Samba na ruta. Havihusiki.

Kuhusu madhara: ukitumia funguo za SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali), seva ya SSH itakataa kuzitambua ikikuta home au ~/.ssh inaweza kuandikwa na kila mtu, na programu ya SSH upande wako itakataa ufunguo wa siri unaosomeka na wengine. Si ukorofi, ndivyo inavyotakiwa. Rudisha 750 kwenye home, 700 kwenye ~/.ssh, 600 kwenye funguo za siri. Kubwa zaidi, kila programu inayoendeshwa kwa jina lolote kwenye mashine hiyo sasa inaweza kuandika ndani ya ~/.bashrc yako na kungoja ufungue terminali. Fikiria hilo kabla ya kusema "ni kompyuta ya nyumbani tu".

Kisha iondoe folda ya pamoja kutoka home kabisa. Mahali pake ni /srv:

sudo groupadd pamoja
sudo mkdir /srv/pamoja
sudo chgrp pamoja /srv/pamoja
sudo chmod 2775 /srv/pamoja

Ile 2 ya mwanzo hufanya kila kitakachozaliwa humo kirithi kundi la folda. Waingize wanaohusika kwenye kundi la pamoja (kwa -aG, tafadhali), na wageni wasio na jina uwaage.

Swali: Nenosiri ninaloingilia kwenye kompyuta nina uhakika nalo. Samba inalikataa.

Jibu: Samba hailijui nenosiri hilo. Ina hifadhi yake ya manenosiri, na lazima uandikishwe:

sudo smbpasswd -a jina_lako

Akaunti ya Linux yenye jina hilo iwepo kwanza. Na ukibadilisha nenosiri la kompyuta kwa passwd, usitegemee la Samba libadilike lenyewe.

Swali: Mashine yangu ya Linux haionekani kwenye Network ya Windows. Mtu mmoja amenishauri niweke "server min protocol = NT1" na niwashe SMB1 kwenye Windows. Nimefanya, ikaonekana. Kuna ubaya?

Jibu: Upo, na huyo mshauri umwambie nimesema.

Kuonekana kwenye orodha na kufunguka ni vitu viwili tofauti. Mashine inaweza isionekane popote na folda zake zikafunguka vizuri kabisa. Kabla ya kugusa kitu chochote, andika anwani moja kwa moja: kwenye Windows \\192.168.1.10\pamoja, kwenye Linux smb://192.168.1.10/pamoja, ukiweka IP halisi ya mashine yako. Ikifunguka, Samba yako ni nzima na tatizo ni tangazo tu.

Zamani orodha ile ilijengwa kwa NetBIOS na itifaki ya SMB1, toleo la zamani la lugha ambayo Samba na Windows hushea mafaili kwayo (NT1 ni jina lake jingine). Windows ya sasa hutafuta majirani kwa njia nyingine iitwayo WS-Discovery, ambayo Samba yenyewe haiizungumzi. Kuna programu ndogo iitwayo wsdd inayofanya kazi hiyo moja. Isakinishe, iruhusu UDP 3702 na TCP 5357 kwenye ukuta wa moto, na mashine itaonekana bila kufufua maiti.

Maiti namaanisha SMB1. Mei 2017, WannaCry ilisambaa duniani kwa kutumia udhaifu wa SMB1 kwenye Windows, ikifunga mafaili ya watu na kudai fidia, ilhali Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake Machi mwaka huo huo. Baada ya hapo Windows 10 toleo 1709 ikaacha kusakinisha SMB1 kwa kawaida, na mwaka 2019 Samba 4.11 nayo ikaizima. Watengenezaji wa pande mbili wasiopatana kwa mengi walikubaliana kuizika. Wewe umeichimbua ili upate picha ya kompyuta kwenye dirisha. Futa mstari ule, zima SMB1 kwenye Windows, na kama orodha inakukera, tengeneza njia ya mkato yenye anwani.

Hakikisha pia ruta inakupa IP ile ile kila siku. Weka anwani ya kudumu kwenye mipangilio ya DHCP ya ruta. Folda nyingi "zinazofanya kazi leo na kesho hazifanyi" zimehama anwani tu.

Swali: Simu na laptopu ziko kwenye Wi-Fi ya wageni. Mbona hazioni seva?

Jibu: Kwa sababu Wi-Fi ya wageni imetengenezwa ili zisiione. Hamia mtandao wa kawaida.

Swali: Windows 11 yetu ilikuwa inaingia kwenye folda ya Samba bila nenosiri. Baada ya sasisho kubwa la 24H2 inakataa. Tunairudisha vipi?

Jibu: Hamuirudishi. Kuanzia 24H2, Windows 11 Pro inadai kila muunganisho wa SMB uwe na sahihi ya kidijitali, na mgeni asiye na nenosiri hawezi kutoa sahihi hiyo, maana ufunguo wa kutilia sahihi hupatikana kwenye nenosiri. Swichi za kulazimisha mgeni akubaliwe zipo, na sizitaji hapa kwa makusudi. Tengeneza mtumiaji mmoja kwenye Linux, mwandikishe kwa smbpasswd, ingiza jina na nenosiri mara moja kwenye Windows na uiambie ikumbuke. Ni kazi fupi kuliko barua mliyoniandikia.

Kuna mtego: kwenye Ubuntu na jamaa zake, smb.conf huja na "map to guest = bad user". Maana yake, jina lisilojulikana hugeuzwa mgeni kimya kimya, lakini jina linalojulikana likija na nenosiri baya hukataliwa. Kwa hiyo mtu anayekosea herufi moja ya jina lake anaweza kuona baadhi ya folda na kunyimwa nyingine, akaapa kwamba Samba imerogwa.

Swali: Fedora. Ruhusa ziko sawa, smb.conf iko sawa (testparm, inayoikagua, hailalamiki), nenosiri liko sawa. Bado nanyimwa. Nikiandika setenforce 0 inakubali. Nimeamua kuizima SELinux moja kwa moja.

Jibu: Umelipata jibu kisha ukalitupa. Jaribio lako la setenforce 0 ni zuri kama kipimo. Kama tiba ni baya. Limekuonyesha mlango uliokataa, sasa fungua huo huo.

SELinux, mlinzi wa ziada wa mfumo, haitazami tu nani anaomba faili, inatazama pia lebo ya faili. Samba inaruhusiwa kugusa vyenye lebo ya samba_share_t. Folda yako mpya haina lebo hiyo. Iweke, na kwa namna itakayodumu:

sudo semanage fcontext -a -t samba_share_t "/srv/pamoja(/.*)?"
sudo restorecon -Rv /srv/pamoja

Amri ya chcon unayoiona ikipendekezwa huweka lebo pia, ila siku mfumo ukizipanga lebo upya inafutika. Na ukihamisha mafaili kwa mv kutoka home, yanakuja na lebo zao za zamani; ukinakili kwa cp yanachukua ya folda mpya. Ndiyo sababu ya ule mkanganyiko wa "baadhi ya mafaili yanafunguka, mengine hapana". Piga restorecon tena. Ukitaka kuona kilichozuiwa, sudo ausearch -m avc -ts recent itakuonyesha mstari kwa mstari.

Kama ni folda za home unazotaka kushea, kuna swichi yake: sudo setsebool -P samba_enable_home_dirs on. Kwenye Fedora huduma inaitwa smb, si smbd kama Debian, na ukuta wa moto unafunguliwa kwa firewall-cmd --permanent --add-service=samba kisha firewall-cmd --reload. Watu huisahau hiyo reload halafu wanamlaumu SELinux.

Swali: Diski yangu ya nje ni NTFS. Napiga chmod, hainiambii kosa, lakini ruhusa hazibadiliki.

Jibu: Ruhusa za diski ya namna hiyo kwa kawaida hupangwa wakati wa kuipachika (mount), kwa chaguo za uid=, gid= na umask= ndani ya /etc/fstab, faili linaloorodhesha vya kupachikwa. exFAT ni vivyo hivyo. Tena diski iliyojipachika yenyewe chini ya /media/jina_lako imefungiwa kwa ajili yako tu, kwa hiyo mtumiaji mwingine wa Samba hafiki. Ipachike kwa fstab mahali pengine, mathalani /srv/diski.

Ikiwa inapachikwa kwa kusoma tu, huenda Windows haikuzimwa kweli: ile Fast Startup huiacha diski katika hali ya usingizi. Izime kwanza huko Windows. Kulazimisha kuandika juu ya diski iliyolala ni kucheza na data.

Swali: Nikijaribu kupachika folda ya seva napata: "bad option; for several filesystems (e.g. nfs, cifs) you might need a /sbin/mount.<type> helper program". Nifanye nini?

Jibu: Mwenye macho haambiwi tazama. Ujumbe wenyewe umeshakwambia unakosa programu saidizi. Sakinisha cifs-utils kama ni folda ya Samba; kama ni NFS (njia nyingine ya kushea folda, hasa kati ya kompyuta za Linux), nfs-common kwenye Debian na Ubuntu au nfs-utils kwenye Fedora.

Utakapofika kwenye fstab, andika hivi, uniokolee barua tatu zijazo:

//192.168.1.10/pamoja /mnt/pamoja cifs credentials=/etc/samba/siri,uid=1000,gid=1000,_netdev,nofail,x-systemd.automount 0 0

Bila uid na gid kila kitu kinaweza kuonekana ni cha root na hutaweza kuandika. Bila nofail, siku seva ikiwa imezimwa kompyuta inaweza kukwama wakati wa kuwaka, ikiisubiri. Jina na nenosiri viende kwenye faili la /etc/samba/siri lenye ruhusa 600. Usiviandike kwenye fstab yenyewe, maana fstab inasomwa na kila mtu kwenye mashine.

Swali: Nimechoka na Samba, kompyuta zetu zote ni Linux. Nimehamia NFS. Kwenye /etc/exports nimeandika /srv/data 192.168.1.0/24 (rw,sync). Wenzangu wanasoma lakini hawaandiki. Kwa nini, na rw ipo?

Jibu: Futa nafasi iliyo kabla ya mabano.

Sifanyi mzaha. Kwa NFS, nafasi hutenganisha wateja. Ulichoandika kinasomeka hivi: mtandao wa 192.168.1.0/24 upewe chaguo za kawaida, ambazo ni kusoma tu. Na dunia yote iliyobaki ipewe kusoma na kuandika. Wenzako umewafungia na wapita njia umewafungulia. Sahihi ni:

/srv/data 192.168.1.0/24(rw,sync)

Kisha sudo exportfs -ra, na sudo exportfs -v ili uone kilichotoka kweli. Fanya sasa hivi.

Ukiwa hapo, ujue umebadilisha nini na nini. NFS ya kawaida haiulizi nenosiri. Inaamini namba ya mtumiaji inayotajwa na mashine ya mteja. Mwenye mamlaka ya root kwenye laptopu yake anaweza kutengeneza akaunti yenye namba 1000 na mafaili ya mwenye 1000 yakawa yake. Ile root_squash inayowashwa yenyewe humzuia root kuingia kama root, haimzuii kujivika namba ya mtu mwingine. Kama kila mashine mnaisimamia ninyi, haina neno. Kama kuna laptopu za wageni, Samba uliyoichoka ilikuwa inakulinda zaidi.

Swali: Folda ya pamoja kwenye VirtualBox: ruhusa imekataliwa.

Jibu: Kundi la vboxsf, kwa usermod -aG. Rudi swali la kwanza.

Swali: Tuko watatu tunaotumia folda moja ya Samba. Faili nililotengeneza mimi wenzangu wanalisoma lakini hawawezi kulihariri. Nimeshapiga 777 mara nyingi, linarekebika, kesho yake mafaili mapya yana tatizo lile lile.

Jibu: Kwa sababu 777 inagusa mafaili yaliyopo, haisemi lolote kuhusu yatakayozaliwa. Samba kwa kawaida hutengeneza faili kwa create mask ya 0744, inayoondoa ruhusa ya kundi kuandika. Iambie vingine:

[pamoja]
path = /srv/pamoja
read only = no
valid users = @pamoja
force group = pamoja
create mask = 0664
directory mask = 2775

Pitisha testparm kabla ya kuwasha huduma upya. Na ikiwa mmoja wenu huandika moja kwa moja kwenye mashine ile bila kupitia Samba, mipangilio hiyo haimhusu. Yeye anafuata umask yake, yaani ruhusa zinazoondolewa kwenye kila faili jipya analotengeneza. Mfungie hesabu kwa ACL (orodha ya ruhusa za ziada) ya kurithiwa: sudo setfacl -d -m g:pamoja:rwx /srv/pamoja.

Swali: Baadhi ya mafaili yanaonekana na majina ya ajabu yenye alama ya ~ nikiyafungua kutoka Windows.

Jibu: Yana alama kama : au ? au nukta mwishoni mwa jina. Linux inazikubali, Windows hapana, kwa hiyo Samba inabuni jina la kufunika. Badilisha majina.

Swali: Nataka kufikia folda yangu ya Samba nikiwa mbali. Je, inatosha kufungua poti 445 kwenye ruta? Nenosiri langu ni refu sana.

Jibu: Hapana.

Nenosiri refu halisaidii pale ambapo kosa limo ndani ya programu yenyewe. Mei 2017, siku chache baada ya WannaCry, Samba nayo ilitangaza udhaifu wa CVE-2017-7494: mtu mwenye uwezo wa kuandika kwenye folda angeweza kupakia programu yake na kuiendesha kwenye seva. Udhaifu huo ulikuwemo tangu toleo 3.5.0 la mwaka 2010. Miaka saba, na walioumia kirahisi ni wale walioiweka 445 mbele ya intaneti, hasa wenye folda za wageni zinazoandikika.

Tumia WireGuard, VPN ambayo imo ndani ya keneli ya Linux tangu 5.6, halafu ifungue folda kana kwamba uko nyumbani. Au kama ni mafaili machache, kiperuzi cha mafaili cha GNOME au KDE kinafungua anwani ya sftp:// kupitia SSH bila Samba kabisa. SSH nayo iingiwe kwa funguo, si kwa nenosiri.

Na kama poti tayari umeifungua na ulikuwa unauliza tu upate baraka, ifunge kwanza. Halafu piga sudo smbstatus uone nani ameunganishwa sasa hivi, kisha soma mafaili ya /var/log/samba uone nani wengine walipita.